Mtu Peke Yake na Mtu Katika Jumuiya

Ndugu msomaji, somo letu la leo lahusu jambo ambalo kila mmoja wetu amelionja, walakini ni wachache waliokaa wakalitia katika mizani ya ilimu. Nalo ni hili: mtu yule yule mmoja, mwenye akili ile ile na malezi yale yale, akiwa peke yake huwa na mwendo mmoja, na akitiwa katika kundi huwa na mwendo mwengine. Shambani kwake ni mchapa kazi; katika kamati huja mikono mitupu. Dukani kwake huzihesabu senti mara mbili. Katika chama hutia sahihi karatasi ya hesabu asiyoisoma. Barazani jioni ana maneno makali juu ya mambo yanavyokwenda, katika mkutano wenyewe, mwenyekiti anapouliza, "Je, mmekubali?", yeye ni katika wa mwanzo kujibu, "Tumekubali."

Vyama vyetu vya kuzikana, kamati za madrasa, vyama vya kukopeshana na vilabu vya mpira, vyote vyalijua jambo hili. Na chama kikiharibika, sisi twaijua dawa moja tu. Twasema waliokuwamo ni watu wabaya, na watolewe watiwe wengine. Hutolewa wale wakatiwa hawa, na baada ya miaka miwili hawa nao wakawa kama wale. Hapo mwenye akili hana budi kujiuliza: ikiwa watu wamebadilika na maradhi ni yale yale, je, maradhi yamo katika watu peke yao, au yamo pia katika namna tulivyowakalisha pamoja?

Suali hili lina ilimu yake mbali, isomeshwayo leo katika vyuo vikuu pamoja na ilimu ya uendeshaji wa kazi. Twaweza kuiita ilimu ya mwendo wa watu katika jumuiya. Na neno jumuiya hapa twalikusudia kwa upana wake: kila mahali ambapo watu wamekusanywa kwa kazi moja na wakapangwa kwa vyeo, ikiwa ni kiwanda, ofisi, hospitali, skuli, chombo cha baharini au chama cha mtaa.

Asili ya fikira hii si ngeni kwetu. Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332 na akafa Misri mwaka 1406, alieleza katika Muqaddima, aliyoiandika mwaka 1377, kwamba nguvu za dola hazitoki kwa mfalme peke yake. Zatoka katika kile kifungo kinachowaunga watu wake, alichokiita asabiyya. Na kikilegea kifungo hicho, dola huanguka hata kama mashujaa wamo. Yeye alitazama makabila na dola. Wataalamu wa nyakati za karibu wametazama palipo padogo zaidi: meza ya kazi, chumba cha mkutano, chumba cha rubani. Nasi tutatazama mambo manne waliyoyaona, kisha tujiulize yatufaa nini.

I. KAMBA NA WAVUTAJI

Maximilien Ringelmann alikuwa Mfaransa, mtaalamu wa zana za kilimo. Katika miaka ya 1880 alipima nguvu za watu wanaovuta kamba, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1913. Tuchukue kwamba mtu avutaye peke yake hutoa nguvu 100. Wakivuta wanane kamba moja, ingetazamiwa wapate 800. Hawakuzipata. Walipata kiasi cha nusu yake, maana kila mmoja alitoa 49 tu katika 100 alizokuwa nazo.

Ikiwa mtu atasema, "Labda hawakuvuta kwa mvuto mmoja, kila mmoja akavuta kwa wakati wake," twamjibu kuwa hilo limo, wala halitoshi. Mwaka 1974 wataalamu wa Marekani walimfunga mtu macho, wakamweka mbele ya kamba, wakamwambia kwamba nyuma yake wako wenzake wanaovuta pamoja naye. Kumbe nyuma hakuna aliyevuta. Hata hivyo nguvu zake zilipungua, kwa kule kudhani tu kuwa hayuko peke yake. Mwaka 1979 Bibb Latané na wenzake wakalijaribu jambo hilo kwa kupiga makofi na kupiga kelele, wakaliona vile vile: kundi likizidi ukubwa, juhudi ya kila mmoja hupungua. Walakini walipowajulisha watu kwamba sauti ya kila mmoja itapimwa mbali na za wenzake, ule ulegevu ukaondoka.

Tazama vizuri jambo hili. Watu ni wale wale na kazi ni ile ile. Lililobadilika ni kwamba kila mtu sasa ana alama ya kazi yake. Basi sisi tunaposema katika mkutano, "Jamani, tusaidieni kukusanya michango," tumewapa kamba watu arubaini, na hatuna haki ya kustaajabu ikiwa kila mmoja anamngoja mwenziwe avute.

II. SHERIA ISIYOANDIKWA

Karibu na mji wa Chicago, katika Marekani, kilikuwako kiwanda cha kampuni ya Western Electric kilichoitwa Hawthorne, kilichotengeneza vyombo vya simu. Wafanya kazi wake walifika kiasi cha 40,000. Tangu mwaka 1924 mpaka 1932 kilifanyiwa uchunguzi mrefu, na katikati yake akaingia Elton Mayo, mzaliwa wa Australia aliyekuwa akisomesha katika Chuo Kikuu cha Harvard. Mwanzo walitaka kujua kama mwangaza wa taa ukizidi, kazi nayo itazidi. Kisha mwaka 1927 wakawatenga wasichana watano katika chumba chao, wakawa wakiwabadilishia saa za kazi, nafasi za kupumzika na namna ya malipo, na kazi yao ikazidi sana.

Khabari hii imesimuliwa mno, na wengi wameifupisha wakasema kwamba mtu akijua anatazamwa, basi kazi yake huzidi. Mwanafunzi wa haki asiimeze yote. Wawili katika wasichana wale watano walitolewa mwanzoni mwa mwaka 1928 kwa kuonekana wana mazungumzo mengi na hawasaidii, na mahali pao wakatiwa wengine. Na hesabu za zile taa zilipotafutwa na kupigwa upya, katika uchunguzi uliotolewa mwaka 2011, hazikuonyesha ile ajabu iliyosimuliwa.

Lililo na faida kubwa zaidi kwetu ni chumba kingine, kilichotazamwa tangu Novemba 1931 mpaka Mei 1932. Humo mlikuwa na wanaume 14: tisa wa kuunga nyaya, watatu wa kulehemu, na wawili wakaguzi. Malipo yao yalipangwa kwa kundi, kazi ya wote ikizidi ujira wa kila mmoja wazidi. Kwa hesabu ya wakubwa, kila mtu angejitahidi na kumhimiza mwenziwe. Lakini mtazamaji aliyewekwa pembeni aliona jambo jengine. Wale watu walikuwa wamejiwekea kipimo chao wenyewe: mitambo miwili kwa siku kwa kila muunga nyaya, si zaidi. Akikaribia hapo, hata kama saa ya kwenda nyumbani haijafika, alipunguza mkono. Aliyezidisha alidhihakiwa, akapewa jina baya na kupigwa ngumi ya mkono wa juu. Aliyepunguza mno naye alilaumiwa kwamba ala jasho la wenziwe. Na aliyepeleka maneno kwa wakubwa alikuwa mbaya kuliko wote. Sheria hii haikuandikwa ukutani wala haikupigiwa kura, na hapana mmoja katika wao asiyeijua.

Je, walikuwa wavivu? La. Ulikuwa wakati wa dhiki kubwa ya uchumi, na watu wakiachishwa kazi kwa maelfu. Waliamini kwamba wakizidisha kazi, kipimo kitapandishwa na ujira ubaki pale pale, au wenzao wataonekana wa ziada watolewe. Sheria yao ilikuwa ngao ya khofu yao. Wakubwa walizijua hesabu za malipo, na ile khofu hawakuijua, kwa sababu hapana aliyekuwa na njia ya kuwaambia bila ya kuitwa mchongezi.

Fritz Roethlisberger na William Dickson waliyakusanya mambo haya katika kitabu walichokitoa mwaka 1939, na tangu hapo imekuwa ni kanuni katika ilimu hii kwamba ndani ya kila jumuiya kuna jumuiya mbili: moja ya karatasi na moja ya watu. Nasi tunazo hizo mbili. Katiba ya chama yasema mweka hazina atasoma hesabu kila baada ya miezi mitatu. Ada isiyoandikwa yasema kumuuliza mtu mzima hesabu ni kumvunjia heshima. Katiba na ada zikigongana, aghlabu ishindayo ni ada; na asomaye katiba peke yake hatajua chama kile chaendeshwa na nini.

III. MACHO YAONA, ULIMI WAKANA

Solomon Asch alizaliwa Warsaw, akahamia Marekani akiwa kijana, akawa mwalimu wa ilimu ya nafsi. Mwaka 1951 alitoa khabari ya jaribio lake ambalo ni jepesi kulieleza. Huwekwa vijana chumbani, kiasi cha saba mpaka tisa. Huonyeshwa kadi yenye mstari mmoja, na kadi ya pili yenye mistari mitatu, na kila mmoja husema kwa sauti ni upi katika ile mitatu uliolingana na ule mmoja. Suali halina fumbo. Mtu akijibu peke yake ni nadra kukosea. Kumbe wote wale wamepatana na mwalimu, ila mmoja. Na katika zamu zilizopangwa, wote kwa pamoja hutaja mstari ambao dhahiri si wenyewe. Yule mmoja asiyejua, aliyekalishwa karibu na mwisho, ameyasikia majibu ya wenzake wote, na sasa ni zamu yake.

Afanye nini? Robo tatu yao walilifuata kosa la wenzao angalau mara moja. Tukizichukua zamu zote za mtego, kiasi cha jibu moja katika kila matatu lilikuwa la kosa. Wengine walipoulizwa baadaye walisema waliijua kweli, walakini walichelea kuonekana wao tu ndio walio kinyume. Wengine walisema walianza kuyatilia shaka macho yao wenyewe. Na robo moja hawakufuata hata mara moja.

Katika jaribio hili yako mambo mawili ambayo tutayarudia. La kwanza, Asch alipomtia mtu mmoja tu wa kusema kweli mbele ya yule anayejaribiwa, makosa yalianguka mpaka chini ya jibu moja katika kumi. Hakuhitaji kupata wengi upande wake, mmoja alimtosha. La pili, mtu alipopewa ruhusa ya kuliandika jibu lake kwa siri badala ya kulitamka, makosa yalipungua sana. Basi zile "Tumekubali" za mikutano yetu, zinazotamkwa kwa pamoja katika nusu dakika, hazitujulishi watu wameona nini. Zatujulisha tu kwamba hapana aliyetaka kuwa wa kwanza kukataa.

IV. CHEO NA UKIMYA

Mpaka hapa tumetaja kamba, nyaya na mistari, na huenda mtu akasema kwamba haya ni mambo madogo. Basi na tulitazame moja lililouwa watu.

Tarehe 27 Machi 1977, ndege mbili kubwa za Boeing 747, moja ya KLM ya Uholanzi na moja ya Pan Am ya Marekani, zilikuwa katika uwanja mdogo wa Los Rodeos, kisiwani Tenerife, katika visiwa vya Canary vilivyo chini ya Spania. Hazikukusudia kutua hapo. Bomu lililipuka katika uwanja zilikokuwa zikienda, zikaelekezwa huko. Baada ya kungoja kwa muda mrefu ikapatikana ruhusa ya safari, na ukungu ukashuka hata mnara hauzioni ndege wala ndege hazionani. Ndege ya KLM ilikuwa kichwani mwa njia ya kurukia. Ya Pan Am ilikuwa bado imo katika njia hiyo hiyo, ikitafuta mahali pa kutokea.

Rubani mkuu wa KLM hakuwa mtu mnyonge katika kazi yake. Alikuwa mkuu wa kuwafundisha marubani wa ndege za namna ile katika shirika lake. Alipoanza kuisogeza ndege mara ya kwanza, rubani msaidizi alimkumbusha kwamba ruhusa haijapatikana, naye akasimama. Kisha ukaja ujumbe wa kueleza njia ya kufuata angani, ambao haukuwa ruhusa ya kuruka, na rubani mkuu akaiachilia ndege. Mara hii msaidizi hakumzuia. Fundi wa ndege, aliyekaa nyuma yao, alisikia katika redio maneno yaliyomtia shaka, akauliza kama ile ya Pan Am imekwisha kutoka njiani. Rubani mkuu akamjibu kwa mkazo kwamba imetoka. Fundi akanyamaza. Baada ya sekunde chache ndege zikagongana, wakafa watu 583. Walionusurika ni 61, wote wa ndege ya Pan Am.

Wachunguzi waliziona sababu nyingi: ukungu, maneno ya redio yasiyo wazi, sauti mbili zilizogongana hewani kwa wakati mmoja, haraka ya kuondoka. Walakini katikati ya sababu hizo yumo mtu aliyeiona khatari, akaitamka kwa namna ya suali, akajibiwa mara moja na mkubwa wake, asiweze kulirudia. Wala yule mkubwa hakuwa na nia mbaya. Yeye naye alikufa na watu wake. Tungemlaumu yeye peke yake tungepata faraja, na kesho rubani mwengine angefanya kama yeye.

V. DAWA ILIYOTUMIWA

Watu wa ndege hawakutosheka na lawama. Mwaka 1979 shirika la NASA la Marekani liliitisha mkutano wa wataalamu kuzungumza juu ya ajali zinazotokana na watu kutosikilizana katika chumba cha rubani, na mwaka 1981 shirika la United likaanza kuwafundisha marubani wake mwendo mpya. Mafunzo hayo yakaenea, na leo ni lazima kwa marubani wa mashirika ya ndege ulimwenguni. Mdogo hufundishwa kuieleza khatari kwa maneno ya wazi, na kuirudia asiposikiwa. Mkubwa naye hufundishwa kuuliza, kungoja jibu, na kumshukuru amrekebishaye. Hakuna aliyevuliwa cheo. Rubani mkuu ndiye mwenye amri kama kwanza, ila sasa anaitoa akiwa ameyasikia yote.

Tarehe 19 Julai 1989 dawa hiyo ilijaribiwa. Ndege ya United iliyotoka Denver kwenda Chicago ilipasuka injini ya mkiani, na mabomba yote ya kuendeshea mbawa zake yakakatika. Rubani mkuu, Alfred Haynes, alipata msaada wa mkufunzi wa marubani aliyekuwamo kama abiria, akamkaribisha mbele, na wote wanne wakashauriana namna ya kuiongoza ndege kwa nguvu za injini mbili zilizobaki. Iliangukia uwanja wa Sioux City, na katika watu 296 waliokuwamo walipona 184. Haynes mwenyewe alieleza mara nyingi baadaye kwamba asingeweza peke yake, na kwamba mafunzo yale ndiyo yaliyowazoesha kusikilizana.

Na katika hospitali limeonekana jambo la ajabu zaidi. Amy Edmondson, wa Harvard, alichunguza vikosi vya wauguzi kuhusu makosa ya kutoa dawa, na khabari yake ikachapishwa mwaka 1996. Alitazamia kwamba vikosi vyema vitakuwa na makosa machache. Hesabu zikamwonyesha kinyume, vikosi vyenye uongozi mwema ndivyo vilivyoandikisha makosa zaidi. Alipochunguza akaona kwamba huko watu hawakuogopa kuyasema makosa yao, yakaandikwa na yakasahihishwa. Na katika vikosi vya wakali makosa yalifichwa. Mwaka 1999 akaendelea kulieleza jambo hilo, ambalo kwa lugha yetu twaweza kuliita amani ya kusema. Basi, ndugu msomaji, chama ambacho kila mwaka ripoti yake ni "mambo yote ni sawa" kisituridhishe upesi. Huenda mambo ni sawa kweli, na huenda hapana aliye na amani ya kusema kwamba si sawa.

VI. MAJIBU YA WENYE SHAKA

Mtu aweza kuuliza: "Je, ilimu hii haimwondolei mwizi lawama, akasema ni jumuiya iliyonifanya?" Haimwondolei. Tumeona kwamba robo ya vijana wa Asch hawakufuata kosa hata mara moja, na hao walikaa katika chumba kile kile. Kila mtu ana hiari yake na ataulizwa juu yake. Walakini mwenye kupanga jumuiya naye ataulizwa alivyoipanga. Ukiacha sanduku la fedha wazi njiani, aibaye ni mwizi, na wewe ni mzembe, na kosa la mmoja halifuti la mwengine.

Mwengine atauliza: "Ikiwa kila kijana atampinga mzee mkutanini, heshima yetu itakwenda wapi?" Hili ni suali zito, maana heshima kwa wakubwa ni katika mambo yanayoushika mji wetu. Twajibu kwamba heshima na ukimya ni vitu viwili. Yule fundi wa ndege alimheshimu mkubwa wake, na kama angalirudia neno lake mara ya pili kwa sauti ya adabu, angalimheshimu zaidi, kwa kumwokoa. Mzee anayeachwa aingie shimoni na vijana wenye adabu hakuheshimiwa. Na wazee wenye hekima wamejua siku zote namna ya kumfungulia mdogo mlango wa kusema. Tunalolitaka ni mlango huo uwe ni kawaida ya kikao, usingoje ukarimu wa mtu mmoja.

VII. TUFANYE NINI?

Kutokana na haya yote twatoa mambo sita, ambayo chama chochote chaweza kuyaanza katika mkutano wake ujao bila ya senti moja.

Kwanza, kila kazi ipewe jina la mtu na siku ya kumalizika, na iandikwe katika daftari. Kazi ya wote ni ile kamba ya watu wanane.

Pili, katika jambo kubwa, kama kuuza kiwanja au kumchagua mweka hazina, maoni yaandikwe kwa siri kwanza, kisha yasomwe, ndipo mazungumzo yaanze.

Tatu, mwenye cheo kikubwa aseme mwisho. Akisema mwanzo, wengi watakuwa wakiyajibu maneno yake badala ya kulijibu suali.

Nne, katika kila shauri zito ateuliwe mtu mmoja wa kutafuta kasoro zake, na ijulikane kuwa hiyo ndiyo kazi aliyopewa. Ateuliwe kwa zamu, ili asije akaitwa mpinzani. Yeye atakuwa yule mmoja aliyewafungulia wengine ulimi katika chumba cha Asch.

Tano, hesabu zisomwe kwa tarehe zilizowekwa, watu wawe na shaka au wasiwe nayo. Jambo likiwa ni desturi ya kila mara, hapana atakayeona ametuhumiwa. Mweka hazina mwaminifu ndiye anufaikaye zaidi kwa desturi hii, kwani yamkinga na maneno ya barazani.

Sita, mwenye kuleta khabari mbaya ashukuriwe mbele ya watu kabla ya kujibiwa. Akikaripiwa yeye leo, kesho watanyamaza kumi.

Hapana katika haya jambo moja linalotaka malaika. Yanataka watu wa kawaida, kama sisi, waliokalishwa kwa utaratibu unaowarahisishia kutenda na kusema lile ambalo kila mmoja, akiwa peke yake, alijua ni la haki. Kuwachagua watu wema ni wajibu, wala hatusemi uachwe. Twasema mtu mwema naye ahitaji kikao kitakachoustahimili wema wake.

MASUALI YA KUZUNGUMZA KATIKA DARASA

1. Taja ada moja isiyoandikwa katika chama unachokijua. Ilizaliwa na khofu gani?

2. Fundi wa ndege alisema kwa namna ya suali, akajibiwa, akanyamaza. Angalisema vipi, na rubani mkuu angalijibu vipi?

3. Katika mambo sita yaliyotajwa, ni lipi litakalokuwa gumu zaidi kukubaliwa katika mtaa wako, na kwa nini? Kila mwanafunzi aliandike jibu lake kwanza katika karatasi, bila ya kumtazama mwenziwe, kisha karatasi zisomwe zote.